"Anastahili Kupewa Nafasi Nyingine": Sarufi ya Mjadala wa Mashabiki Kuhusu Kocha wa Zamani

Ikisiri

Makala haya yanachunguza lugha inayotumiwa na mashabiki wa kandanda wanapojadili iwapo kocha aliyewahi kuondoka arejeshwe. Kisa kinachotumika ni cha Jacob Mulee, maarufu kwa jina la Ghost, na timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars, katika miaka ya 2020 na 2021. Inadaiwa kuwa miundo ya sarufi inayopendelewa katika mjadala huo humweka kocha mbele na kumficha anayetoa nafasi; hivyo swali la uwajibikaji huachwa bila kuulizwa.

1.0 Utangulizi

Mazungumzo ya mashabiki wa kandanda hayajapewa uzito unaostahili katika uchunguzi wa Kiswahili. Mara nyingi huchukuliwa kuwa ni porojo za vijiweni. Hata hivyo, humo ndimo wasemaji wengi hujenga hoja kwa bidii, huleta ushahidi, hupinga na kutetea, tena bila ya kusimamiwa na mwalimu wala mwenyekiti. Mojawapo ya mada zinazojirudia ni ile ya kocha wa zamani: je, arudishwe?

Kiini cha mjadala huo huweza kuwekwa katika tungo moja:

(1) Kocha anastahili kupewa nafasi nyingine.

Anayeunga mkono huikubali tungo hii, naye anayepinga huikanusha. Dai la makala haya ni kwamba pande zote mbili, pamoja na kutofautiana kwao, hukubaliana kimyakimya kuhusu umbo la swali, na umbo hilo lina kasoro. Tungo zinazochambuliwa hapa ni mifano iliyotungwa kwa kufuata matumizi ya kawaida ya wasemaji.

2.0 Kisa cha Harambee Stars

Mulee ndiye aliyeiongoza Kenya katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2004 nchini Tunisia. Kenya ilifungwa 3–1 na Mali, ikafungwa 3–0 na Senegal, kisha ikaifunga Burkina Faso 3–0. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Kenya katika fainali hizo. Baada ya hapo aliondoka na kurejea zaidi ya mara moja.

Mwezi Oktoba 2020 alikabidhiwa timu kwa mara nyingine, akichukua nafasi ya Francis Kimanzi, ambaye naye alikuwa kocha wa zamani aliyerejeshwa mwaka 2019. Katika michezo ya kufuzu iliyokuwa ikiendelea, Kenya ilikuwa na pointi 2, baada ya kutoka sare ya 1–1 na Misri na sare kama hiyo na Togo. Chini ya Mulee ilitoka sare ya 1–1 na Komoro jijini Nairobi, ikafungwa 2–1 ugenini, ikatoka sare ya 1–1 na Misri, kisha ikaifunga Togo 2–1 ugenini. Kwa jumla ilipata pointi 7 na kushika nafasi ya tatu katika kundi, nyuma ya Misri na Komoro. Nayo Komoro ilifuzu kwa mara ya kwanza katika historia yake. Mwezi Septemba 2021, baada ya sare mbili dhidi ya Uganda na Rwanda katika michezo ya kufuzu Kombe la Dunia, Mulee aliondoka. Mwezi uliofuata, chini ya kocha mpya Engin Firat, Kenya ilifungwa 5–0 na Mali.

Matokeo haya hayabishaniwi na yeyote. Kinachobishaniwa ni maana yake. Kwa mtetezi, pointi 5 katika michezo 4, na kipigo kilichofuata baada ya kuondoka kwake, ni dalili kwamba kocha hakuwa tatizo. Kwa mpinzani, kushindwa kufuzu mbele ya Komoro ni dalili kwamba zama zake zilikwisha. Kwa kuwa data ni ileile, tofauti haina budi kutafutwa katika lugha inayoifasiri.

3.0 Mtoaji Aliyefichwa

Kitenzi pa huhitaji washiriki watatu: mtoaji, mpokeaji na kitolewacho. Katika kauli ya kutendwa, mpokeaji ndiye huchukua nafasi ya kiima, na mtoaji huweza kutajwa au kuachwa:

(2) a. Shirikisho limpe kocha nafasi nyingine.
    b. Kocha apewe nafasi nyingine na Shirikisho.
    c. Kocha apewe nafasi nyingine.

Tungo zote tatu ni sahihi kisarufi. Hata hivyo, iliyozoeleka katika mjadala ni (2c). Kitenzi stahili katika tungo (1) huukamilisha ufichaji huo, kwa sababu hakimhitaji mtoaji hata kidogo. Astahiliye ndiye kiima, na sifa ya kustahili humkaa yeye mwenyewe, kama kwamba ni urefu wake au umri wake. Kwa hiyo hata anayekanusha, akasema "hastahili", huendelea kumchunguza kocha peke yake.

Lugha ya kurasa za michezo huelekea upande huohuo:

(3) a. Kibarua chake kimeota nyasi.
    b. Amefungashiwa virago.
    c. Amekabidhiwa mikoba.

Katika (3b) na (3c) mtenda ameondolewa kwa kauli ya kutendwa. Nahau ya (3a) huenda mbali zaidi: kibarua chenyewe ndicho kiima, nacho huota nyasi mithili ya shamba lililoachwa. Hakuna aliyemwachisha kazi. Hatua iliyoamuliwa na watu katika kikao huelezwa kama tukio la kimaumbile, linalokuja kama mvua. Nahau hizi ni nzuri na zina uhai. Tatizo si kuzitumia, bali ni kusahau zinachokiacha nje.

4.0 Utata wa -ingine

Kivumishi -ingine kina maana mbili ambazo wasemaji huzitumia bila kuzitenganisha. Mgeni anayesema "Nataka kikombe kingine" huenda anataka kuongezewa cha pili, au huenda alichonacho ni kichafu na anataka kibadilishwe. Muktadha ndio unaoamua. Vivyo hivyo:

(4) nafasi nyingine
    a. nafasi ya ziada, sawa na ile ya kwanza
    b. nafasi ya namna tofauti

Mtetezi wa kocha, akiulizwa kwa makini, hukusudia (4b): safari hii apewe muda, maandalizi mapema na uhuru wa kuchagua wachezaji. Mpinzani husikia (4a): jambo lilelile lirudiwe, kwa matumaini yaleyale. Kielezi tena hakina utata huo. Anayesema "apewe nafasi tena" hutaja marudio tu, na ndiyo maana wapinzani hupenda kuyarejea maneno ya watetezi kwa kubadili nyingine kuwa tena. Badiliko hilo dogo huigeuza hoja nzima bila ya msemaji kuhisi kwamba amenukuliwa vibaya.

Kisa cha Mulee hudhihirisha uzito wa utata huu. Aliipokea timu katikati ya michezo ya kufuzu, akiwa na pointi alizorithi na ratiba asiyoipanga. Nafasi hiyo ilikuwa ya ziada. Haikuwa ya namna tofauti. Mjadala wa iwapo aliistahili haukuweza kukamilika kabla ya kuulizwa ni nafasi ya aina gani.

5.0 Masharti Yasiyopimika

Sarufi sanifu hutofautisha -nge- na -ngali-:

(5) a. Angepewa muda, angefuzu.
    b. Angalipewa muda, angalifuzu.

Tungo (5a) huacha mlango wazi. Sharti huenda likatimia. Tungo (5b) huufunga: muda umepita. Katika usemi wa kila siku tofauti hii imefifia sana, na wengi hutumia -nge- kwa hali zote mbili. Matokeo yake katika mjadala huu si madogo. Mashabiki huanza na sharti lililokwisha kupita, ambalo haliwezi kuthibitishwa wala kukanushwa, kisha kwa kutumia kiambishi kilekile huligeuza kuwa ahadi ya siku zijazo. "Angepewa muda" ya jana huwa "angepewa muda" ya kesho, na kivuko kati yake hakionekani.

Wakati wa kutoa hukumu nao una nguvu. Mashabiki wengi wa Afrika Mashariki hufuatilia ligi ya Uingereza, nao huwa na mfano wa José Mourinho, aliyeipa Chelsea ubingwa mwaka 2005 na 2006, akaondoka Septemba 2007, akarejea 2013. Mwezi Mei 2015 timu ilikuwa bingwa, na jibu la swali la kustahili lilikuwa "ndiyo". Desemba mwaka huohuo alitimuliwa, timu ikiwa ya 16, na jibu likawa "hapana". Kocha ni yuleyule. Kama sifa ya kustahili ingekuwa ndani ya mtu, kama kitenzi kinavyodokeza, isingeliweza kugeuka kwa miezi saba.

6.0 Methali Kama Ushahidi

Hoja zikikwama, methali huitwa. Mtetezi husema "Kosa moja haliachi mke", au "Zimwi likujualo halikuli likakwisha". Methali hii ya pili ina utetezi wa ajabu, kwani inakiri kwamba aliyerudi ni zimwi na kwamba ataonja. Tumaini ni kuwa atabakiza. Katika methali ya kwanza, kiima cha kuacha ni kosa, wala si mume. Mwamuzi amefichwa hapa kama alivyofichwa katika (2c).

Mpinzani hujibu: "Kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa". Kitenzi-jina kurudia hakina kiambishi cha nafsi, kwa hiyo methali haisemi ni nani anayerudia. Kwa mazoea huelekezwa kwa kocha. Lakini yafaa kuulizwa: timu inapobadili kocha, ikamwita wa zamani, ikamwondoa, ikamwita mwingine, ni nani hasa anayerudia? Kocha huja na kuondoka; wanaoajiri hubaki. Methali inayotumiwa kumfungia mlango kocha ndiyo hiyohiyo inayoweza kuwaelekea wenye ufunguo.

7.0 Hitimisho

Uchambuzi huu haukukusudia kuamua iwapo Mulee, au kocha yeyote, alistahili kurudi. Umekusudia kuonyesha kwamba tungo (1) huibeba sehemu kubwa ya jibu kabla swali halijaulizwa: mtoaji hayumo, aina ya nafasi haikutajwa, na wakati wa hukumu haukuwekwa. Kiswahili hakikosi njia ya kuyasema hayo. Kauli ya kutenda ipo, kiambishi -ngali- kipo, na neno tofauti lipo. Shabiki akiuliza "Nani anampa, anampa nini, na kwa muda gani?", mjadala hautakuwa mfupi zaidi, lakini utakuwa umemfikia anayepaswa kujibu.