Mtoto Mdogo Akiumia Michezoni

Kwa nini huanguka

Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 ana kichwa kizito kikilinganishwa na kiwiliwili chake, hivyo akiteleza kwenye bembea au ngazi mara nyingi hutangulia kichwa. Hajui kukadiria urefu, na mikono yake haina wepesi wa kumkinga. Majeraha mengi ya uwanjani ni michubuko, nundu na midomo iliyopasuka, ambayo hupona kwa matunzo ya nyumbani. Machache huhitaji hospitali, na kazi kubwa ya mzazi ni kuyatambua hayo mapema.

Dakika za kwanza

Mtoto aliyeanguka humtazama mzazi usoni. Akikuta mayowe, hofu humzidi, na mtoto mwenye hofu hakaguliki vizuri. Kabla ya kunyanyuliwa, aangaliwe alivyolala. Anayelia kwa sauti na kuchezesha mikono na miguu yote anapumua na ana fahamu; huyo anaweza kupakatwa, kisha akakaguliwa taratibu kuanzia utosini hadi unyayoni.

Asiyeitika, au aliyeangukia kichwa au shingo kutoka juu, asitikiswe wala kuketishwa. Msaada unapotafutwa, mtu mmoja amshike kichwa kisiyumbe. Akitapika, mwili mzima ugeuzwe ubavu kwa pamoja. Asiyepumua aanziwe papo hapo kupuliziwa pumzi na kukandamizwa kifua na mtu anayejua.

Michubuko na vidonda

Anayehudumia hunawa kwanza mikono kwa sabuni. Mchubuko huoshwa kwa maji safi yanayotiririka mpaka mchanga utoke, kisha hufunikwa kwa kitambaa safi. Kidonda kinachovuja damu hukandamizwa kwa dakika 10 mfululizo bila kufunuliwa, kwa sababu kila kufunua hubandua damu iliyoanza kuganda. Damu isiyokoma au kidonda kilichoachama hupelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwani jeraha hushonwa vizuri likiwa bichi. Msumari au kigae kilichozama mwilini hakichomolewi nyumbani.

Majivu, mafuta ya taa, dawa ya meno, unga wa kahawa na kinyesi cha ng'ombe havipakwi kwenye kidonda. Huingiza uchafu, na kinyesi kinaweza kubeba vijidudu vya pepopunda. Kinga ya pepopunda imo ndani ya chanjo ya pentavalenti, inayotolewa Tanzania na Kenya mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mtoto aende na kadi yake ya kliniki ili mhudumu aone kama dozi zimekamilika.

Jino la utoto lililong'oka halirudishwi kwenye fizi, maana huweza kuharibu jino la ukubwani linaloota chini yake. Jino hilo litafutwe. Lisipoonekana na mtoto akawa anakohoa au kupumua kwa shida, huenda limeingia njia ya hewa.

Kichwa kikigongwa

Nundu ya paji la uso huvimba haraka kwa kuwa sehemu hiyo ina mishipa mingi ya damu. Ukubwa wake peke yake si kipimo cha hatari. Hukandwa kwa maji baridi, au kwa barafu iliyofungwa kitambaani, kwa dakika 10 hivi. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 2, uvimbe wa pembeni au nyuma ya kichwa, au kuanguka kutoka kimo cha karibu mita 1, ni sababu ya kumwona daktari hata akiwa mchangamfu.

Mtoto wa umri wowote apelekwe hospitali bila kusubiri akiwa na mojawapo ya dalili hizi:

- kupoteza fahamu, hata kwa muda mfupi;
- degedege;
- kutapika mara kwa mara;
- usingizi usio wa kawaida au kutoamka akiamshwa;
- damu au majimaji maangavu kutoka puani au masikioni;
- mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine;
- kuyumba, au kilio kisichobembelezeka;
- utosi kutuna, kwa mtoto ambaye utosi haujafunga.

Dalili hizi huweza kuchelewa, kwa hiyo mtoto huangaliwa kwa saa 48. Saa yake ya kulala ikifika anaweza kulala, ila mzazi amchungulie mara kwa mara na kuhakikisha anapumua vizuri na anashtuka akiguswa.

Mifupa na viungo

Mfupa wa mtoto ni kama kijiti kibichi: huweza kupinda na kupasuka upande mmoja bila kukatika. Ajali moja huwashangaza wazazi wengi. Mtoto anayeshuka mtelezo akiwa amepakatwa hunasa mguu ukingoni, huku uzito wa mtu mzima ukiendelea kushuka na kuusokota. Mfupa wa muundi hupata ufa, pengine bila uvimbe wa kuonekana. Mtoto huchechemea au hukataa kuukanyagia mguu. Eksirei ya kwanza inaweza isionyeshe ufa huo, hivyo daktari huweza kuirudia baada ya siku kadhaa.

Kiwiko huteguka mtoto anapovutwa au kuzungushwa kwa kushikwa mikono. Mkono huning'inia bila uvimbe, na mtoto hataki kuutumia. Mhudumu aliyefunzwa huurudisha kwa muda mfupi.

Kiungo kinachoshukiwa kuvunjika hufungwa kama kilivyo, kwa boksi gumu na kanga, bila kunyooshwa. Kukichua au kukivuta huweza kusogeza mfupa na kuumiza mishipa. Mtoto asilishwe njiani kwenda hospitali, kwa kuwa huenda akahitaji dawa ya usingizi. Parasetamoli hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara 4 kwa saa 24. Aspirini haifai kwa watoto.

Baada ya matibabu

Aliyefungwa plasta ngumu (POP) huangaliwa vidole kila siku. Vikivimba, vikiwa baridi au vikibadilika rangi, mtoto hurudishwa hospitali mara moja. Kwa siku chache mtoto huweza kudeka au kuamka usiku akilia. Hutulia akipakatwa na kurudia ratiba aliyoizoea. Dada wa kazi au ndugu aliyekuwa naye asigombezwe. Mlezi mwenye hofu huficha ajali inayofuata, na daktari akakosa habari anayoihitaji zaidi: mtoto aliangukaje, saa ngapi, na kutoka kimo gani.

Kurudi kucheza

Mtoto aliyepona huachwa acheze tena. Kiwanja kizuri kina mchanga mwingi chini ya vyombo vya kuchezea, si saruji. Mtelezo wa bati huguswa kwanza kwa mkono, maana jua huufanya uunguze. Kanga, mikufu na kamba za nguo huvuliwa kwa sababu huweza kunasa na kumkaba shingo. Mtoto hushuka peke yake kwenye mtelezo wa kimo chake, mtu mzima akiwa karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono.