KUOKA SI KUCHOMA: SOMO LA BISKUTI ZA SIAGI

Ukipita Kenyatta Market saa za mchana, pua yako ndiyo itakayokuongoza hadi kwenye vibanda vya nyama. Pale watu wanachoma: mbavu juu ya wavu, makaa chini, mafuta yanadondoka. Kitenzi ni kuchoma, au kubanika. Sasa jaribu kumwambia mtu, "Nimechoma keki." Atakupa pole, maana atadhani imeungua!

Kuchoma ni kwa moto mkali wa upande mmoja. Kuoka ni kwa joto la taratibu linalozunguka pande zote. Ukichanganya mambo haya jikoni, siagi ya pesa nyingi itaishia jaani.

Mfano wetu ni biskuti za siagi, ambazo asili yake ni Skotilandi. Ndugu yake huku pwani ni nankhatai, inayonukia iliki. Biskuti hizi huweza kuumbwa ndani ya kalibu ya udongo iliyochorwa maua. (Ni kalibu, si karibu! Kalibu ni chombo cha kukipa kitu umbo.)

Vipimo ni rahisi kukumbuka: sukari moja, siagi mbili, unga tatu. Yaani sukari iliyosagwa gramu 50, siagi gramu 100, unga wa ngano gramu 150. Usitie hamira, mayai wala baking'i pauda. Kwa nini? Kinyunga kikiumuka, maua yatafutika.

Lainisha siagi, koroga na sukari, kisha tia unga. Usikande kama chapati, la sivyo biskuti zitakuwa ngumu. Paka kalibu mafuta kidogo, nyunyiza unga, kisha shindilia kinyunga mpaka kijae kila pembe ya ua. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Toboatoboa kwa uma.

Huna oveni? Hata wengi wetu hatuna. Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu, weka juu ya jiko la makaa machache mpaka mchanga upate joto. Weka kalibu juu ya mchanga, funika kwa mfuniko wa bati, kisha palia makaa juu yake. Hiyo ndiyo "moto juu, moto chini" ya mama zetu. Baada ya dakika 30 anza kuchungulia. Pembeni kukiwa na rangi ya dhahabu, epua. Ngoja dakika 10, legeza kingo kwa kisu, pindua kwenye sinia, na ukate biskuti zingali na joto. Zikipoa zitavunjika ovyo.

Tahadhari tatu:
1. Usiweke kalibu juu ya makaa yenyewe, wala usiitie maji baridi ikiwa moto. Itapasuka.
2. Usitumie chombo cha pambo tu. Rangi nyingine zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Tumia kilichotengenezwa kwa chakula.
3. Jiko liwe nje. Hewa ya makaa chumbani haina harufu, lakini huua.

ZOEZI
(a) Tofautisha: kuoka, kuchoma, kukaanga, kuchemsha.
(b) Tunga sentensi moja yenye maneno "kalibu" na "karibu".
(c) Kwa nini biskuti hizi hazitiwi hamira?