Mashimo 32 ya bao na namba 4,294,967,295

Leo chukueni daftari la hisabati.

Wiki mbili zilizopita rafiki yangu niliyesoma naye alinipigia simu. "Kaka, weka elfu hamsini, lete watu wawili, na kila mmoja wao alete wawili. Mwezi hauishi, pesa imerudi na faida." Elfu hamsini nilikuwa nayo, akiba ya ada ya mdogo wangu. Nikamwambia anipe mpaka kesho.

Jioni nikakaa barazani hapa Chake Chake, wazee wanacheza bao. Bao letu lina safu nne za mashimo manane, jumla 32. Nikawaza: nikiweka kete moja shimo la kwanza, mbili la pili, nne la tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho? Shimo la 32 peke yake linataka kete 2,147,483,648. Bao zima: 4,294,967,295. Siri yake ni kwamba jumla ya mashimo uliyokwisha kujaza hupungukiwa moja tu kufikia shimo linalofuata. 1+2+4 ni 7, linalofuata lina 8.

Namba hii ina maajabu jamani. Ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, zote namba tasa. Sasa angalia: 3 jumlisha 2 ni 5. 3 × 5 ni 15, jumlisha 2 ni 17. 15 × 17 ni 255, jumlisha 2 ni 257. Endelea mwenyewe. Fermat, yule Mfaransa, alidhani mnyororo huu utazaa namba tasa daima. Inayofuata ni 4,294,967,297, na mwaka 1732 Euler akaonyesha kwamba inagawanyika kwa 641. (Jaribu kwenye simu.) Na kompyuta huiandika namba yetu kwa tarakimu 1 zikiwa 32 mfululizo, kama bao lenye kete moja kila shimo.

Nikabadilisha kete kuwa watu. Sensa ya 2022 ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773. Ngazi ya 21 tu, mchezo unataka watu 2,097,151: Unguja na Pemba zimeisha, mpaka watoto wachanga. Ngazi ya 26, Tanzania nzima ya sensa hiyo imeisha. Ngazi ya 32 ni zaidi ya nusu ya watu wote duniani.

Kilichonishtua zaidi ni kile cha 7 na 8. Mchezo usimame ngazi yoyote ile, walio ngazi ya mwisho ni zaidi ya nusu ya wote waliotoa pesa. Na chini yao hakuna mtu.

Asubuhi nikamtumia picha ya hesabu. Akajibu, "Kaka, unafikiria sana." Nikaenda kulipa ada.

Usiku akapiga tena, sauti ya chini. Kumbe ameshaweka laki moja. "Hivi mimi niko ngazi ya ngapi?"

Nikamuuliza kama aliyemuingiza anajua yake. Akanyamaza.