Uyoga wa Kichina na vidonge vya mama

SWALI: Daktari, mama yangu ana sukari na presha, anatumia metformini na amlodipini anazopewa kliniki hapa Kiomboi. Tulipomaliza kuuza alizeti, alikuja wakala wa kahawa ya uyoga wa ganoderma. Alisema uyoga huo umetibu Wachina tangu enzi na enzi, sasa hata Wazungu wanaugombania, na mama aache vidonge kwa kuwa vinaua figo. Mdogo wangu aliyeko Ujerumani anathibitisha kuwa huko unauzwa madukani. Tufanyeje?

Msomaji, Kiomboi, Singida

JIBU: Mwanangu, naanza na la haraka. Kama mama ameshaacha vidonge, mpeleke kliniki kesho asubuhi, msingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Presha haina kelele. Mtu anaweza kuwa na 180 kwa 110 huku anapepeta alizeti na kucheka na majirani, kisha akaanguka kwa kiharusi.

Sasa tuuzungumzie uyoga wenyewe, maana si uzushi. Wachina wanauita lingzhi, Wajapani reishi. Huota kwenye magogo na visiki, una rangi ya kahawia nyekundu, unang'aa kama uliopakwa vanishi na ni mgumu kama ubao. Hauliwi kama ule uyoga unaookotwa porini Iramba wakati wa mvua. Huchemshwa au husagwa, na ni mchungu sana. Vitabu vya kale vya tiba vya China vinausifu kweli. Zamani ulikuwa adimu. Tangu miaka ya 1970, Wajapani na Wachina walipofaulu kuulima kwa wingi, unga wake umeenea duniani, nasi unatufikia ndani ya pakiti za kahawa kupitia makampuni ya mauzo ya mtandao, ambako muuzaji hupata kamisheni kwa anachouza na kwa watu anaowaingiza.

Mdogo wako hajadanganya. Ulaya unauzwa, lakini kama kirutubisho. Sheria ya Umoja wa Ulaya Namba 1169 ya mwaka 2011 inakataza kabisa kuandika au kudai kwamba chakula kinazuia, kinatibu au kinaponya ugonjwa. Maneno aliyoyasema wakala wako sebuleni kwenu, muuzaji wa Berlin haruhusiwi kuyachapa kwenye kopo.

Je, unashusha sukari na presha? Mwaka 2015, jopo la Cochrane, ambalo kazi yake ni kupima kwa pamoja majaribio ya tiba kutoka duniani kote, lilichambua majaribio 5 yenye jumla ya washiriki 398, wengi wao wenye kisukari cha aina ya pili. Halikuona ushahidi wa kutosha kuupendekeza uyoga huu kwa kutibu sukari, presha au mafuta kwenye damu ya wagonjwa hao. Mengi mnayosimuliwa kuhusu kinga na saratani yametoka kwenye chembe za maabara na panya. Panya si mama yako.

Uyoga huu una madhara pia. Wapo wagonjwa walioripotiwa kuumia ini baada ya kutumia unga wake. Unaweza kuongeza uwezekano wa kuvuja damu kwa anayetumia aspirini au warfarini, na kwa anayekaribia kufanyiwa upasuaji.

Lakini kinachonitia hofu zaidi kwa mama ni kahawa yenyewe. Chukua pakiti, igeuze, soma orodha ya viambato. Kwa kawaida kilichotajwa kwanza ndicho kingi kuliko vyote. Kwenye kahawa nyingi za aina hii zilizochanganywa tayari utakuta sukari na krimu juu kabisa, na uyoga chini. Mgonjwa wa kisukari anauziwa sukari kwa jina la dawa, tena kwa bei kubwa.

Kuhusu figo, wakala amegeuza ukweli. Presha na sukari zisizodhibitiwa ndizo zinazoharibu figo kuliko chochote, na vidonge vya mama vipo ili kuzilinda. Ni kweli metformini huhitaji figo ziangaliwe. Ndiyo maana kliniki hupima damu, na dozi hupunguzwa au dawa hubadilishwa inapobidi. Uamuzi huo ni wa daktari mwenye majibu ya vipimo mkononi. Na mama akianza kuumwa kichwa au kuishiwa nguvu baada ya kuacha vidonge, wakala atawaambia "sumu zinatoka mwilini". Msikubali. Hiyo ni dalili ya kupimwa siku hiyohiyo.

Tanzania tumeshalipa gharama ya kuacha dawa za hospitali. Mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500, na wapo walioacha ARV na insulini wakiamini wamepona. Sisemi tiba asili haina thamani. Dawa bora ya malaria tuliyonayo imetokana na mmea wa tiba ya Kichina. Lakini mmea ule ulipimwa kwa wagonjwa kwanza.

Ukimpeleka mama kliniki, beba ile pakiti na vidonge vyote. Mweleze daktari amekunywa kiasi gani na tangu lini, asione aibu. Omba apimwe presha, sukari, figo na ini. Na fedha ya alizeti iliyobaki, kateni bima ya afya.