Eksirei ya Kifua: Kwa Nini Unaambiwa Usimame Mbali na Uzuie Pumzi?
Unapopigwa picha ya kifua ukiwa umesimama, mashine huwekwa umbali wa sentimita 180 hivi, nawe hugusisha kifua kwenye bamba la kunasia picha. Hivyo moyo hauonekani mkubwa kuliko ulivyo.

Umbali ukiongezwa mara mbili, mionzi inayofika hupungua hadi robo. Kwa hivyo mtaalamu hupanga nguvu na kiasi cha mionzi kulingana na umbali na unene wa mwili. Mionzi ikiwa haba, picha huwa na chengachenga na dalili za kifua kikuu zaweza kufichika.

Ukitikisika, picha huingia ukungu na huenda ikarudiwa, upate mionzi zaidi. Tulia, vuta pumzi, uizuie unapoambiwa. Mama mjamzito, au anayedhani ana mimba, amjulishe mtaalamu kabla ya kupigwa picha.