Mteja akitaka kutuma pesa za kujiunga Freemason, fanya hivi

Nina kibanda cha uwakala wa pesa za simu hapa Tabora mjini, upande wa stesheni ya reli. Juzi nimemzuia kijana kutuma shilingi laki tatu na nusu kwa mtu anayejiita wakala wa Freemason, na furaha niliyonayo imenifanya niandike hatua zote ili mawakala wenzangu mzitumie. Mambo ya kawaida nayapita haraka, mnayajua: usiweke pesa moja kwa moja kwenye namba ya mtu ambaye mteja hamfahamu, mwambie asimpe mtu namba ya siri, na namba ya tapeli itumeni kwenda 15040. Shida ni kwamba mteja aliyekwisha kuamini hayasikii hayo. Anakuona wewe ndiye unayembania riziki.

Kijana alishuka kwenye basi la Nzega akitokea Bukene, na pesa zilikuwa za mpunga. Alinipa shikamoo kwa adabu, akapitisha dirishani noti zilizofungwa kwa mpira, nyingine zikiwa bado na vumbi la pumba kwenye mikunjo. Namba ya kutumia alikuwa ameiandika kiganjani kwa kalamu ya bluu, na jasho lilikwisha kuifuta tarakimu ya mwisho. Mtu anayeficha namba asiihifadhi kwenye simu yake huwa namuuliza maswali.

"Zinakwenda kwa nani, mwanangu?"

"Kwa mzee wetu wa chama."

"Chama gani?"

Akainama hadi paji likagusa nondo za dirisha. "Freemason, mama. Naomba usiseme kwa sauti."

Hatua ya kwanza: usicheke, wala usimtishe kwa habari za shetani na kafara. Wenzangu wengi hukosea hapo. Ukimwambia atatolewa damu, unakuwa umemthibitishia kwamba yule wa kwenye simu ana nguvu kweli, na kijana mwenye madeni yuko tayari kwa lolote. Mimi nilimvutia kigoda, nikamwambia mtandao unasuasua, tusubiri kidogo. Ulikuwa unasuasua kweli, asubuhi nzima, na huduma kwa wateja walikuwa wakinipigia muziki tu. Siku hiyo niliwashukuru.

Akanionyesha meseji. Alikwisha kulipa pesa ya fomu, akalipa pesa ya kile walichokiita daraja la kwanza. Hii ya sasa ilikuwa ya kumpandisha mara moja hadi daraja la 33, na ndani ya wiki angeletewa sanduku la pesa na pete. Pete hizo, zenye alama ya bikari na guni, machinga wanazitembeza hapa sokoni pamoja na cheni za kung'aa, na nasema wazi kwamba wanaoziuza huku wakinong'ona kuhusu utajiri wanawatengenezea matapeli njia. Siwapendi. Nao mawakala wanaopokea tu, kamisheni iingie, halafu wanasema hayawahusu, siwapendi zaidi.

Hatua ya pili: andika namba, jina la mpokeaji likitokea, mwambie mteja alisome mwenyewe kwa sauti. Alisoma. Lilikuwa jina la mwanamke, lisilofanana kabisa na la "Grand Master" wa kwenye meseji. Akapiga simu palepale, akajibiwa kwamba huyo ni mtunza hazina. Ndivyo wanavyojibu siku zote. Kwa hiyo hatua ya pili pekee haitoshi.

Hatua ya tatu ndiyo niliyoihangaikia muda mrefu, baada ya kuona watu wazima, hata watumishi wenye mishahara, wakimaliza akiba zao dirishani kwangu. Nayo ni miaka miwili: 1954 na 1967.

Freemason wa Tanzania aliyejulikana kuliko wote, aliyejitangaza mwenyewe mchana kweupe, alikulia Bukene. Ni Jayantilal Keshavji Chande, tuliyemfahamu kama Sir Andy Chande. Alizaliwa Mombasa mwaka 1928, akalelewa Bukene ambako baba yake alikuwa mfanyabiashara, na kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2005 kina jina la Bukene palepale kwenye jalada. Nakala yangu ya Kiingereza, iliyochakaa, nimeiweka chini ya meza. Wenye maduka ya vitabu mjini petu, mnajaza rafu kwa vitabu vya kutajirika haraka huku habari za mtoto wa mkoa huu hamna. Jirekebisheni.

Nilimwonyesha kijana jalada. Akaligusa kwa kidole. "Bukene hii yetu?"

"Hiyohiyo unakovuna mpunga."

Nikampa mwaka wa kwanza. Chande alijiunga na Freemason mwaka 1954. Wakati huo familia yake ilikwisha kuwa na biashara kubwa, iliyoanzia dukani hadi kwenye vinu vya kusaga. Mali ilitangulia, chama kikafuata. Kisha nikampa wa pili. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, viwanda vya kusaga vya familia hiyo vilitaifishwa. Mtu alikuwa Freemason wa miaka 13, na viwanda vikaenda. Mwalimu Nyerere akamwomba aongoze shirika la umma la usagishaji, yaani aendelee kuviendesha vinu vilevile kwa niaba ya serikali, naye akakubali. Akaendelea kuitumikia nchi kwenye bodi za mashirika, reli ikiwemo.

"Sasa niambie," nikamwuliza, "hilo sanduku la pesa lilikuwa wapi mwaka 1967?"

Kijana hakujibu. Alichukua noti zake, akaziweka mapajani. Wenzangu, hapo ndipo mteja anapoanza kurudi. Ukimwambia "ni uongo" atabishana nawe hadi jioni. Ukimpa mwaka na mahali anapopajua, anaanza kupiga hesabu mwenyewe.

Alijaribu tena kidogo. Alisema Wahindi wa zamani kama akina Chande walikuwa na siri zao, ndiyo maana walitajirika njia nzima ya misafara. Nikamwambia siri hiyo inajulikana: ilikuwa mkopo. Misafara ya kutoka Bagamoyo ikifika hapa Unyanyembe iligawanyika, mingine ikishika njia ya Ujiji, mingine ikipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, na bidhaa nyingi ilizobeba zilikopwa pwani. Tippu Tip mwenyewe alikopeshwa na Taria Topan wa Zanzibar. Mkopeshaji alimjua mkopaji, na jina likiharibika hakuna aliyekukopesha tena.

Halafu tukaingia kwenye madaraja, kwa sababu alitaka kujua kama hiyo 33 ipo. Ipo, na hapa wakala lazima awe na jibu sahihi, maana ukisema haipo, tapeli atampelekea picha kutoka intaneti na wewe utaonekana mwongo. Loji za kawaida, yaani matawi yao, zina madaraja matatu, yaliyochukuliwa kwenye kazi ya waashi wa mawe: mwanagenzi, fundi, fundi mkuu. Chini ya Loji Kuu ya Uingereza, ambayo loji nyingi za Afrika Mashariki zimefuata utaratibu wake, kati ya daraja na daraja hupita angalau wiki nne. Baada ya hapo kuna Royal Arch, ambayo zamani wao waliihesabu kama ukamilisho wa daraja la tatu. Mfululizo unaofika 33 ni wa chombo kingine, kinachojitegemea. Kwa utaratibu wa Waingereza, mtu huingia huko kwenye daraja la 18, na lazima awe fundi mkuu tayari, tena Mkristo. Daraja la 33 hupewa wachache sana, wala haliombwi.

"Wewe jina lako nani?" nikamwuliza.

Jina lake ni la Kiislamu. Akalitamka, kisha akanyamaza, kisha akacheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Nikamwongezea na mwaka 1986, ambao Chande alikuwa kiongozi mkuu wa wilaya ya Afrika Mashariki katika Freemason hao wa Kiingereza. Kutoka 1954 hadi 1986 ni miaka 32, na sehemu kubwa ya jina aliloacha alipofariki Aprili 2017 inatokana na shughuli za hisani na elimu, kama Shule ya Shaaban Robert. Mimi si mwanachama na sina haja ya kuwa, lakini inaniuma jina la mzee wa Bukene kutumiwa kuwaibia watoto wa Bukene.

Kumbe kilichommaliza kabisa kilikuwa cha babu yake. Alinisimulia kwamba babu alikuwa Myeye, wale wa chama cha dawa za nyoka, ambao sisi wa Unyamwezi tumekua tukiwasikia. Babu aliingizwa na mtu aliyemjua, mbele ya watu, akafundishwa miti na mizizi kidogo kidogo kwa miaka. Freemason nao humpokea mtu kwa kupendekezwa na mwanachama na kuungwa mkono na mwingine, kisha loji hupiga kura. Nikamwuliza: nani amekushika mkono wewe?

Akapiga simu tena, akaweka spika. Akauliza mambo matatu kwa utulivu: loji yenu ina jina na namba gani, nani amenipendekeza, na kura yangu imepigwa lini. Upande wa pili ukaanza kumtukana, kisha ukamtishia kifo ndani ya siku saba. Uso ulimbadilika. Nikachukua simu, nikamwambia yule bwana kwamba namba yake inakwenda 15040 sasa hivi na nakala ya meseji inakwenda polisi. Akakata. Mawakala, msimwache mteja peke yake baada ya kitisho hicho. Mkalisheni, mpeni maji, mpelekeni kituoni kuandikisha. Mimi nilifunga kibanda tukaenda pamoja.

Zile pesa za mwanzo, za fomu na za daraja la kwanza, hazijarudi, na sidhani zitarudi. Laki tatu na nusu alinipa nimwekee kwenye simu yake, nikamfanya abadilishe namba ya siri kwanza. Ameniachia pia ujumbe kwa mawakala wa Bukene na Nzega: karatasi za "jiunge Freemason" zilizobandikwa kwenye nguzo za umeme karibu na vibanda vyenu, zibandueni.