Tarakimu 20 na Mita: Vifaa Vinavyoelewana

Mkaazi wa Wambaa akiarifiwa kwamba mkutano wa shehia ni saa mbili asubuhi, simu yake huonesha wakati huo huo kuwa ni 08:00. Hapotei, kwani anajua kuwa hesabu moja huanzia machweo na macheo, na nyengine huanzia usiku wa manane. Vifaa havina ujuzi huo. Waya au mawimbi ya redio hupeleka tarakimu tu. Maana ya tarakimu hizo sharti iwe imekubaliwa kabla na pande zote mbili.

Mfano ulio karibu zaidi ni mita ya umeme ya malipo ya kabla, ile ijulikanayo Zanzibar kwa jina la TUKUZA. Tokeni yake ya tarakimu 20 imeundwa kwa kanuni za STS, zilizoanzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990 na sasa zinatumika katika nchi nyingi. Kwa kanuni hizo, mita za viwanda mbalimbali husoma tokeni kwa namna moja.

Ndani ya tokeni mna kiasi cha umeme, wakati tokeni ilipotolewa, na hesabu ya kuhakiki kwamba hakuna kilichoharibika. Kiasi huandikwa kwa sehemu za kumi za yuniti: 350 ni yuniti 35. Katika mita ya maji ya kanuni hizo hizo, 350 ni mita za ujazo 35. Tarakimu ni zile zile, ila mita hujua ni bidhaa gani inayohesabiwa.

Yote hayo hufungwa kwa ufunguo wa siri wa mita moja tu. Hapa ndipo penye faida kubwa kwa mwenye nyumba. Baadhi ya mita hukaa juu ya nguzo, na rimoti ya kutilia umeme hukaa ndani, ikizungumza na mita bila kuunganishwa moja kwa moja. Mtu akizinasa tarakimu njiani, au akiiokota risiti, haitamfaa kwa mita yake mwenyewe, kwa sababu ufunguo wake haulingani. Wala tokeni haitumiki mara mbili: mita huweka kumbukumbu ya nyakati za tokeni ilizopokea, na huikataa iliyokwisha kutumika. Kumbukumbu hiyo ina kikomo, hivyo tokeni iliyotangulia mno zile zilizohifadhiwa nayo hukataliwa. Ni vyema kuziingiza kwa utaratibu wa kununuliwa, wala zisilimbikizwe.

Hatari iliyobaki ni ya mkono wa binadamu: namba ya mita ikikosewa dukani, umeme ulionunuliwa huwa ni wa mita nyengine.

Makubaliano ya maana nayo yana umri. Wakati katika tokeni huhesabiwa kwa dakika, tangu Januari 1993, na nafasi iliyotengwa haizidi dakika 16,777,216, yaani karibu miaka 32. Nafasi hiyo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikurekebishwa ingeiona tokeni mpya kuwa ni ya zamani na kuikataa, ingawa mita yenyewe ni nzima, umeme upo na fedha zimelipwa. Kituo cha afya chenye jokofu la chanjo kingekosa umeme kwa sababu ya kalenda tu.

Dawa yake ilikuwa tokeni mbili maalumu za tarakimu 20 kila moja, zisizo na umeme ndani yake. Huibadilishia mita ufunguo, na hesabu ya dakika huanza upya kutoka 2014. Tokeni iliyonunuliwa kwa ufunguo wa zamani na ambayo haikuingizwa kabla ya hapo hupoteza nguvu, na mwenye risiti yake hana budi kuipeleka kwa mtoa huduma. Kwa hesabu mpya, nafasi itajaa tena mwaka 2045.